Tuonyeshwe bomba linapopita kabla hatujajenga



Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linaloleta ugomvi katika vijiji vyenye maji ya bomba, kikiwemo hiki ninachofundisha. Jambo lenyewe ni katazo la kujenga juu ya mabomba ya maji yaliyofukiwa ndani ya viwanja vya wananchi. Naeleza tangu mwanzo kwamba katazo hilo naliunga mkono. Ninalolipinga ni jinsi linavyotekelezwa. Mwananchi anaachwa achimbe msingi, apandishe kuta, aezeke, ahamie na watoto wake, na hapana anayemwambia neno. Akishamaliza, ndipo anakuja mtu na kopo la rangi nyekundu.

Kwetu ni Nyanda za Juu Kusini, na maji yetu ni ya mserereko. Yanatoka kwenye kijito kilichoko juu msituni, yanaingia tangini, kisha yanateremka yenyewe bila mashine hadi kwenye vilula. Wazee wanasimulia kuwa mtaro wa bomba kuu ulichimbwa kwa nguvu za wananchi, kila kaya ikipewa hatua zake za kuchimba, na asiyefika na jembe alitozwa kuku. Zilikuwa siku za ule mpango wa miaka 20 wa maji vijijini ulioanza 1971, ambao shabaha yake ilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji safi na salama umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ukaja, ukapita, na shabaha haikufikiwa. Lakini mabomba yaliyokwisha kufukiwa yalibaki ardhini, na la kwetu linafanya kazi mpaka leo.

Siku zile hakuna aliyeuliza habari za fidia, wala hakuna aliyeona haja ya kuandika bomba linapita wapi. Lilipita mashambani, katika mahindi na ulezi, na kila mmoja alijua lilipo kwa sababu kila mmoja alilichimbia. Baadaye mashamba yakagawanywa kwa watoto, watoto wakawagawia wajukuu, vipande vingine vikauzwa kwa wageni, na pale palipokuwa na mahindi sasa pana nyumba za tofali za kuchoma na bati. Bomba halikuhama. Ni nyumba zilizolifuata, lakini wengi wa waliojenga hawakujua kwamba wanafuata kitu.

Kiangazi kilichopita bomba hilo lilipasuka chini ya nyumba ya mama mmoja mjane katika kitongoji cha chini. Mafundi walikuja na sururu zao, wakazunguka nyumba, wakagonga sakafu, wakaondoka. Hawakuwa na pa kuchimba isipokuwa sebuleni. Ikabidi vali ifungwe, na vitongoji vitatu pamoja na shule yetu vikakaa siku 19 bila maji. Muda wote huo wanafunzi walikuwa wakija na madumu ya lita tano waliyoyajaza kijitoni tangu alfajiri, na wasichana wa madarasa ya juu ndio waliotumwa zaidi, kama ilivyo desturi mbaya tuliyonayo. Mwalimu anaweza kufundisha desimali bila chaki kwa siku mbili tatu. Hawezi kuwaweka watoto zaidi ya mia tano katika shule yenye vyoo visivyo na maji, halafu akadai kuwa wanasoma.

Hatimaye ofisi ya maji inayohusika, ambayo sina haja ya kuitaja, ilipitisha bomba la muda kando ya nyumba, na maji yakarudi. Hapo niliwashukuru. Lakini majuzi wakaja maofisa na kamba, wakapima, wakaandika alama ya X kwenye nyumba 11 na kutoa siku 30 za kubomoa. Kamba ile ilipimwa kutoka wapi? Ramani hawakuwa nayo. Walinyoosha kutoka kilula kimoja hadi kingine kana kwamba bomba lilipigwa kwa rula, wakati kila mzee hapa anajua kuwa linapinda penye mwamba, na kwa sababu ya mwamba huo nyumba mbili zilizoandikwa X hazina bomba hata dogo chini yake.

Miongoni mwa nyumba hizo 11 ni ya yule mjane. Kiwanja chake alipewa na halmashauri ya kijiji, na karatasi anayo, yenye muhuri na sahihi mbili. Nyumba nyingine ni duka la bwana mmoja aliyejenga akiiona chemba ya vali kwa macho yake, akaonywa na majirani, naye akawajibu kuwa maji si ya baba yao. Hawa wawili wamepewa X ya rangi moja na siku sawasawa.

Ndugu wasomaji watakumbuka kuwa katika habari ya barabara nchi yetu ilikwisha kujifunza tofauti hii. Baada ya Sheria ya Barabara ya 2007 kupanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, wale waliokuwa wameifuata barabara waliandikiwa X nyekundu bila fidia, na wale waliofuatwa na barabara waliandikiwa X ya kijani na kustahili fidia. Utekelezaji wake ulikuwa na malalamiko yake, na sisemi kila aliyestahili alilipwa kwa wakati. Lakini angalau ilikubaliwa kuwa watu hao si wamoja. Kama barabara ina rangi mbili, kwa nini bomba liwe na moja?

Sasa niseme kwa nini katazo lenyewe ni la haki, maana wapo wenzangu kijijini wanaodhani kuwa ni ubabe mtupu wa watu wa ofisini.

Kwanza ni hilo la ukarabati ambalo limekwisha kutupata. Hakuna bomba lisilopasuka. Liwe la chuma, la plastiki au la yale ya zamani ya saruji na asbesto, siku moja litavuja, na fundi hana budi kulifikia kwa jembe na sururu. Anahitaji pa kusimama na pa kumwaga udongo, wala hawezi kufanya kazi katika upenyo wa kupitisha mkono. Anayejenga juu ya bomba anakuwa ameshika koki ya watu wote walioko chini yake, apende asipende.

Pili ni usalama wa nyumba yenyewe. Maji ya mserereko yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kila mita 10 za mteremko huongeza takriban kilo moja ya msukumo kwa kila sentimita mraba, hivyo tangi likiwa mita 50 juu ya nyumba, maji yanasukuma kwa kilo tano hivi katika kila eneo dogo la ukubwa wa ukucha. Tundu la kupitisha msumari linatosha kuchota udongo chini ya msingi kidogo kidogo, usiku na mchana, bila mtu kuona tone, kwa sababu maji hushuka ardhini badala ya kupanda sakafuni. Yule mama aligundua pale mlango wake ulipokataa kufungika. Ukuta ulikuwa umekwisha kukaa upande. Na nyumba nayo hulilemea bomba, hasa la plastiki lililofukiwa bila kulazwa juu ya mchanga. Jiwe moja likiwa chini yake na uzito wa ukuta ukiwa juu, pale pale ndipo linapopasukia.

La tatu ndilo linalonitisha zaidi mimi kama mwalimu, na ndilo linalosemwa kidogo kuliko yote. Ni vyoo. Watu wengi wanadhani kuwa bomba likitoboka, maji hutoka tu, hayaingii. Hivyo ndivyo ilivyo maadamu bomba limejaa na lina msukumo. Lakini vijijini maji hayatoki saa zote. Hufungwa usiku ili tangi lijae, na yakifungwa huku watu wa bondeni bado wanachota, bomba la juu hubaki tupu na kuanza kunyonya. Mtoto anayenyonya soda kwa mrija anaelewa kazi hiyo. Kama mrija una tundu, na tundu liko jirani na shimo la choo lenye majimaji, ni kipi kitakachoingia? Asubuhi vali inafunguliwa, na kilichonyonywa usiku kinasukumwa hadi kwenye ndoo ya jirani ambaye hakujenga juu ya bomba wala hajui habari yake. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi kilitufundisha kuwa maji yanayopita katika bomba si lazima yawe safi. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema kuwa yeye hajengi nyumba juu ya bomba ila anachimba choo tu, naona afadhali angejenga nyumba.

Na miti pia. Siku hizi kila mtu hapa anapanda parachichi, jambo jema, lakini mizizi ya mti hutafuta maji, na kiungo kinachovuja kidogo ndicho kinachoiita. Milingoti ndiyo mibaya zaidi. Juu ya bomba mtu apande maharage, mboga, viazi, majani ya ng'ombe, au aache uwanja wa watoto kuchezea. Ardhi haijapotea kwa kuwa haina nyumba.

Nakuja kwenye jambo la vipimo, ambalo limechanganywa mno. Katika mkutano wa kitongoji kiongozi mmoja alisimama akatangaza kuwa sheria inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka kwenye bomba. Watu walishika vichwa, kwa sababu kwa hesabu hiyo nusu ya kijiji ingebomolewa, na ofisi yake mwenyewe ikiwemo. Mita 60 zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, nazo zinahusu kingo za mito, fukwe za bahari na maziwa, na mabwawa ya maji. Hazihusu bomba lililofukiwa uani kwa mtu. Kijito chetu kule juu kinazihitaji hizo mita 60, na ni jambo la aibu kuwa kule kwenye chanzo wapo wanaolima hadi ukingoni bila kuandikiwa X yoyote. Kwa bomba, nafasi ya kuachwa inategemea ukubwa wake na kina chake. Bomba kubwa kama lile linalotoa maji ya Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga, lililozinduliwa 2009, linahitaji njia ambayo magari na mitambo inaweza kupita. Letu ambalo mtoto analishika kwa viganja viwili, nafasi ya hatua chache kila upande inatosha. Ni juu ya wataalamu kutamka kipimo kwa kila bomba, wakiandike, na kibandikwe ofisini kwa kijiji ili mtu asikisikie kwa mara ya kwanza siku ya kubomolewa.

Wapo watakaosema kuwa kutojua sheria si kinga. Nakubali. Lakini hapa mwananchi hakosi kujua sheria tu, anakosa kuliona bomba. Mto anauona, barabara anaiona, nguzo ya umeme anaiona. Bomba liko karibu mita moja chini ya majani, na aliyelifukia ndiye mwenye wajibu wa kulionyesha. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 24, inamlinda mtu asinyang'anywe mali yake bila idhini ya sheria na bila fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatambua haki ya kupitisha mabomba na nyaya katika ardhi ya watu kwa manufaa ya umma, na katika habari hiyo fidia haikusahauliwa. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo inataka kila kijiji kiwe na daftari la ardhi yake. Swali langu ni hili: wakati halmashauri ya kijiji inamgawia yule mama kiwanja na kugonga muhuri, daftari hilo lilisema nini kuhusu bomba? Kama halikusema kitu, basi yule aliyegonga muhuri ana sehemu yake katika hasara hii, na si haki mama aibebe peke yake kichwani pamoja na watoto wanne.

Mimi mwenyewe kiwanja changu kinapitiwa na bomba hilo hilo. Nilipokinunua nilimwendea mzee mmoja aliyechimba mtaro ule akiwa kijana, akaja na fimbo yake, akatembea kutoka kwenye mkuyu hadi kwenye jiwe la mpaka akihesabu, akasimama na kusema chimba hapa. Tulichimba, tukaliona. Nyumba yangu ikasogea nyuma, choo kikaenda upande wa pili kabisa, na juu ya bomba mke wangu analima mchicha. Haikunigharimu kitu ila chai ya mzee. Lakini wazee walioushika mtaro ule kwa mikono yao wamebaki wanne tu kijijini, na mmoja wao haoni tena. Ramani ya maji ya watu zaidi ya elfu mbili imo vichwani mwa wazee wanne! Je, wakiondoka tutamwuliza nani?

Kwa sababu hiyo mwaka jana, katika kipindi cha ramani, niliwachukua wanafunzi wa darasa la sita tukafuatana na wazee hao kutoka tangini hadi shuleni, tukichomeka vijiti na kuhesabu hatua. Watoto walichora ramani kwenye karatasi ya manila, wakaonyesha na pale linapopinda penye mwamba. Tulipeleka nakala ofisini. Ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango siku maofisa walipokuja na kamba yao, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyeiona.

Naomba basi wahusika wafanye haya. Kabla ya kubomoa nyumba yoyote, bomba lifukuliwe mahali na mahali lionekane lilipo, mbele ya mwenye nyumba na wazee. Kisha zisimamishwe nguzo fupi za zege juu ya njia yake yote, penye kona na penye chemba hasa, zipakwe rangi ya buluu. Mchanga tunao, kokoto tunazo, na nguvu za kujitolea hazijaisha kwa kuwa baba zetu walizitumia. Saruji tuchangiwe. Njia hiyo iingizwe katika daftari la ardhi na katika mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, na kila hati ya kimila inayotolewa kwa kiwanja chenye bomba iandikwe hivyo waziwazi, ili anayenunua asome. Vijiji vina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Hiyo itungwe, na faini iwepo kwa atakayejenga baada ya nguzo kusimama. Huyo simwombei huruma.

Kwa hizi nyumba zilizokwisha kujengwa, naomba wataalamu wapige hesabu kabla ya kupiga rangi. Mabomba meusi ya plastiki yanayokuja yamezungushwa kama magurudumu yanapindika, na mtaro wa kuzizungukia nyumba tatu nne unachimbwa na kijiji kwa siku mbili. Ni kweli kwamba bomba kubwa la taifa haliwezi kuhamishwa kwa ajili ya sebule ya mtu. La kwetu linaweza, na lile la muda lililozunguka nyumba ya mjane limekwisha kuthibitisha, maana linatoa maji mpaka leo. Pale ambapo haliwezekani, mwenye nyumba aliyepewa kiwanja kwa muhuri alipwe kwanza ndipo abomoe. Yule bwana wa duka ahame kwa gharama zake.

Siku 30 zilizotolewa zinaisha kabla ya mkutano mkuu wa kijiji ujao. Nimemwomba mwenyekiti aitishe mkutano wa dharura, na habari ya bomba aiweke ajenda ya kwanza, isiachwe ije chini ya mengineyo, kwa maana kufikia mengineyo watu huwa wamekwisha kwenda kukama. Ofisi ya maji tumeiandikia barua ilete mafundi na sururu siku hiyo. Wazee wawili wamekubali kutembea njia yote, wa tatu atapakiwa kwenye pikipiki, na yule asiyeona amesema aongozwe hadi kwenye mwamba, kwamba kutoka hapo atahesabu mwenyewe.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nyanda za Juu Kusini.